Mama anapaliwa na chai baada ya kiharusi: dawa za Ayurveda aendelee nazo?

Swali la msomaji:

"Habari daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunakaa Umoja. Wiki sita zilizopita alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mkono umeanza kurudi, lakini akinywa chai anapaliwa, na sauti imekuwa ya kukwaruza, saa zingine ni kama ina maji ndani. Mama mdogo alimpeleka kwa daktari wa Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi, huko Ngara. Alipewa unga wa mulethi wa kulamba na asali mara tatu kwa siku, mafuta ya kudondosha puani kila asubuhi, mafuta ya ufuta ya kushika mdomoni, unga wa viungo unaowasha, na tembe ndogo nyeusi ambazo jina lake linaishia na 'ras'. Hospitali ilimwandikia dawa mbili za presha, moja ni ya kumkojoza, pamoja na aspirini. Je, hizi za Ayurveda zitamrudishia kumeza na sauti? Nikiuliza maswali, mama mdogo anasema nimesoma mpaka nikasahau tiba za wazee."

Jibu:

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Kabla hujamaliza kusoma, fanya haya jioni hii. Mafuta ya puani yasimame, na ya kushika mdomoni yasimame. Unga wa mulethi na ule wa viungo uweke kabatini. Tembe nyeusi zirudi kwenye kopo lake, kopo lifungwe, wala usilitupe kwa maana tutalihitaji. Dawa za hospitali ziendelee kama zilivyoandikwa. Sababu nitazieleza moja moja, kwa kuwa mama mdogo hakukosea kumtafutia dada yake nafuu na anastahili kuelezwa kwa heshima.

Kazi yangu ni kutibu shida za kumeza na sauti. Wagonjwa wa kiharusi ndio ninaoshinda nao zaidi hapa Nairobi, na wengi hunifikia wakiwa wameshapita kwingine: kwa muuza mitishamba, kwa mwombezi mwenye mafuta, kwa daktari wa Ayurveda wa Ngara au Parklands. Sijamgombeza mtu kwa hilo. Wote huniuliza dawa fulani inatibu nini, nami huwauliza kwanza itapita njia gani ikishaingia mdomoni. Kwa anayemeza vizuri, swali hilo halina uzito. Kwa mama yako ndilo linalotangulia mengine yote.

Koo ni njia panda. Mbele kuna bomba la hewa, nyuma kuna umio unaoshuka tumboni, na kila unachomeza lazima kipite juu ya mlango wa hewa bila kuingia. Weka kidole kwenye kikoromeo chako umeze mate. Umekisikia kinapanda na kushuka? Katika muda wa kama sekunde moja, zoloto, yaani kisanduku cha sauti, limeinuka, kidakatonge kimeinama juu yake kama kifuniko, na nyuzi za sauti zimekutana zikafunga mlango. Ni nyuzi zilezile unazosemea. Ndiyo maana mama aliamka na kiharusi kimoja akajikuta na shida mbili, sauti na kumeza: mlinzi wa mlango ni yuleyule anayetoa sauti, na sasa anafunga kwa uvivu.

Chai ni nyepesi, inateremka haraka kuliko mlinzi aliyechoka anavyoweza kufunga. Uji unajikokota, unampa nafasi. Kwa hiyo mtu anaweza kula ugali laini uliolowekwa mchuzi bila tabu, kisha akapaliwa na maji ya kumezea dawa. Na ile sauti yenye maji uliyoisikia umeisikia sawasawa. Mara nyingi ni mate au kinywaji kilichobaki juu ya nyuzi za sauti. Umefanya uchunguzi wa maana bila kujua.

Kinachonitia wasiwasi kuliko kikohozi ni ukimya. Kiharusi kinaweza kulitia koo ganzi kiasi kwamba chai inaingia kwenye njia ya hewa na mgonjwa hata hakohoi. Familia inafurahi kwamba kikohozi kimeisha, kumbe kengele ndiyo iliyokatika waya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba shida ya kumeza hupatikana kwa asilimia 37 hadi 78 ya wagonjwa wa kiharusi, na tofauti hiyo kubwa inatokana na namna ya kupima: ukipima kwa macho na masikio tu unakuta wachache, ukipima kwa kamera au eksirei unakuta wengi. Habari njema ni kwamba wengi hurudi kumeza vizuri katika wiki na miezi ya mwanzo. Hilo nalo likumbuke, maana dawa yoyote anayotumia mtu katika kipindi hicho itapewa sifa ya kupona ambako mwili ulikuwa tayari umekuanza.

Sasa Ayurveda. Nimeisoma kwa bidii kwa sababu wagonjwa wangu wanaitumia, na pia kwa sababu jirani zetu Wahindi wamekuwa sehemu ya mji huu tangu reli ilipojengwa. Tiba yao si ngeni Nairobi. Waandishi wa zamani wa Bara Hindi walikuwa na macho makali. Kitabu cha Madhava cha kutambua magonjwa, chenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kinataja hali iitwayo jihvastambha. Vayu, yaani nguvu ya mwendo mwilini, inapatwa na kasoro kwenye njia za usemi, ulimi unakakamaa, na mgonjwa anashindwa kula, kunywa na kusema. Mambo matatu kwa pumzi moja! Mimi nikiandika faili la mama yako nitaandika mambo hayohayo matatu.

Wanaigawa vayu mara tano. Prana, yenye makao yake kichwani, ndiyo inayoingiza chakula. Udana, ya kifuani na kooni, ndiyo inayotoa usemi. Sauti iliyoharibika wanaiita svarabheda, na Sushruta, tabibu wa kale wa India, aliigawa katika aina sita, mojawapo ni ile inayotokana na mwili kukonda na kuisha, ambayo aliihesabu kuwa ngumu kutibika. Hata leo mtu aliyekonda huku sauti inapotea ni mtu wa kukimbiziwa kamera. Kwa hiyo sina ugomvi na utambuzi wao. Ninapotofautiana na daktari wa Ngara ni kwenye tiba alizochagua, na hata hapo nitatumia vitabu vyake mwenyewe.

Anza na mafuta ya puani, tiba iitwayo nasya. Pua inafunguka nyuma ya koo, palepale kwenye njia panda. Mgonjwa analazwa, kichwa kinainamishwa nyuma, matone yanashuka. Maagizo ya zamani yenyewe yanasema kinachofika kooni kitemwe, kisimezwe. Je, mama yako anaweza kutema? Mtu ambaye midomo yake imelegea upande mmoja na koo halina hisia hawezi kuvuta mafuta na kuyatema kwa uhakika, hasa akiwa amelala chali. Na mafuta ni mgeni mwenye hila kuliko maji. Maji yakigusa njia ya hewa yanachokoza, unakohoa. Mafuta hayachokozi. Yanateleza kimya hadi mapafuni, vile vijinywele vya kusafisha njia ya hewa vinashindwa kuyafagia, na yanakaa huko wiki kwa wiki. Inatokea nimonia ya mafuta, ambayo dawa za kuua bakteria haziiponyi kwa kuwa chanzo chake si bakteria.

Niliwahi kumwona mzee mmoja ambaye binti yake alimdondoshea samli vuguvugu puani kila usiku, kwa mapenzi makubwa, ili sauti ifunguke. Hakuwa na homa. Hakuwa akikohoa. Kilichomleta ni kwamba alikuwa akipumzika mara tatu kwenye ngazi za ghorofa alizokuwa akizipanda bila kusimama. Kwenye picha ya kifua, sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa nyeupe kana kwamba mtu amepaka chokaa. Yule binti aliniuliza swali moja tu, kwamba ni yeye? Nilimwambia ukweli, kwamba ndiyo, na kwamba hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo huwa naambia kila familia.

Mafuta ya kushika mdomoni yana shida hiyohiyo. Gandusha, kwa maelezo ya asili, ni kujaza mdomo mpaka usiweze kuyazungusha, na kukaa hivyo hadi macho na pua zichuruzike. Hapo unahitaji midomo inayoziba na ulimi unaojua kuzuia nyuma. Aliyelegezwa mdomo na kiharusi mara nyingi hana vyote viwili.

Mulethi nitakaa nayo kidogo, maana ndiyo inayoonekana haina madhara hata kidogo. Watu wa Pwani wanaijua kwa jina la urukususu, na madukani Ngara utasikia Wagujarati wakiiita jethimadh. Ni mzizi mtamu, na kwa koo una kazi ya kweli. Mwaka 2013 madaktari wa Vienna, Austria, walichapisha jaribio ambalo wagonjwa walisukutua maji ya mzizi huo kabla ya upasuaji ambao mtu huwekewa mpira wa hewa kooni. Waliosukutua urukususu waliumwa koo kidogo kuliko waliosukutua maji ya sukari. Nazingatia kwamba walisukutua wakatema.

Mama yako anaumeza, na ana presha. Ndani ya mzizi mna kitu kiitwacho glisirizini, ambacho kinaifanya figo ichukulie homoni nyingine, kortisoli, kana kwamba ndiyo homoni ya kushikilia chumvi. Matokeo yake mwili unashikilia chumvi na maji, unamwaga potasiamu, na presha inapanda. Ulaya wanashauri mtu asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku kama anautumia mara kwa mara. Mizizi hutofautiana, lakini kijiko kimoja cha chai cha unga kinaweza kufika hapo, na mama anapewa mara tatu. Halafu ile tembe yake ya kukojoza, kama ni haidroklorothiazaidi ambayo ndiyo huandikwa sana hapa kwetu, nayo inamwaga potasiamu. Viwili hivyo vikivuta upande mmoja, potasiamu inashuka, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na misuli inalegea. Kumeza ni kazi ya misuli. Anapewa dawa ya koo inayoweza kulegeza koo lenyewe, tena ipandishe ile presha iliyoleta kiharusi. Mpime presha leo au kesho kwenye duka la dawa lililo karibu, na umwombe daktari wake apime potasiamu.

Tena ni unga. Jaribu wewe mwenyewe: chota unga huo kidogo kwa ncha za vidole viwili, uweke kwenye ulimi mkavu, umeze bila maji. Utaona ulivyogandamana kwenye paa la mdomo na nyuma ya ulimi, na itakubidi umeze mara tatu au nne kuuondoa. Mama anaweza kumeza mara moja tu, tena kwa udhaifu. Unaobaki unamsubiri avute pumzi.

Unga unaowasha nadhani ni trikatu: tangawizi kavu, pilipili manga na darafilfili. Hapa ndipo napenda mama mdogo asikilize, kwa sababu mababu wa tiba hii walikaribia jambo ambalo sisi tumelithibitisha juzijuzi. Ukali wa pilipili unaamsha mishipa ya fahamu ya koo. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la wazee wa nyumba za kutunzia wazee waliokuwa na shida ya kumeza. Waliwanusisha mafuta ya pilipili manga kabla ya milo, na wale wazee wakaanza kumeza upesi kuliko waliopewa harufu nyingine. Kunusa tu, hakuna kilichopita kooni. Baadaye watafiti wa Hispania waliweka piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, kwenye vinywaji vya wagonjwa, na kumeza kwao kukaonekana salama zaidi kwenye picha za eksirei. Hilo lilifanywa kwa kipimo kidogo kinachojulikana, kwenye kinywaji cha unene uliopimwa, mtaalamu akiwa ameketi pale. Unga mkavu wa pilipili kwenye ulimi wa mtu anayepaliwa ni kitu kingine kabisa. Ukivutwa na pumzi utamchoma njia ya hewa. Lakini mlango huo sitaufunga. Tukishampima mama, ladha kali kidogo kwenye uji wake ni jambo nitakalolijaribu kwa furaha.

Tembe nyeusi ndizo zinazonifanya nikuandikie kwa haraka. Katika Ayurveda, rasa ni jina la zebaki, na dawa nyingi ambazo jina lake linaishia na ras hutengenezwa kwa zebaki na salfa zilizosagwa pamoja mpaka zikawa nyeusi. Nyingine zinaongezwa madini mengine, ikiwemo risasi. Tawi hilo linaitwa rasa shastra, na wafuasi wake wanaamini kuwa kuchoma na kusafisha kunaondoa sumu. Vipimo havikubali. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima bidhaa 193 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa kwenye intaneti. Kama moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki, na katika kundi la rasa shastra ilikuwa karibu mbili kati ya tano. Zebaki inakula figo na kuleta mtetemeko. Risasi inapandisha presha na kuharibu neva. Mtu anayejaribu kurudisha neva za koo hana nafasi ya kupoteza neva nyingine. Kama ametumia tembe hizo zaidi ya siku chache, mwambie daktari wa hospitali aamue kuhusu kipimo cha damu. Angalia pia kama kopo lina namba ya usajili ya Bodi ya Famasia na Sumu. Na akiandikiwa vacha ya kusugua ulimini ili aseme, ikatae kwa upole: mzizi huo una beta-asaroni, iliyoleta saratani kwa wanyama wa maabara, na Marekani iliupiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1968.

Nimezungumza mengi ya kuacha. Ya kufanya yapo, na moja nalichukua kwa Charaka mwenyewe, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda. Katika kanuni zake za kula aliagiza mtu ale chakula cha vuguvugu, asile haraka, na ale bila kuongea wala kucheka, nia yake yote ikiwa kwenye chakula. Alieleza kwamba anayekula kwa pupa au huku anaongea, chakula kinaweza kushika njia isiyo yake. Hakuna karatasi ya maagizo ninayowapa wagonjwa ambayo inashinda hiyo. Nyumbani kwenu Umoja hii ina maana televisheni inazimwa wakati mama anakula, wajukuu wanakula baadaye, wageni wanasubiri sebuleni, na hakuna anayemuuliza swali akiwa na tonge mdomoni. Mtu anayejibu anafungua nyuzi za sauti. Mlango unafunguka na chakula kipo mlangoni.

Alishwe kwenye kiti, si kitandani. Akae wima, miguu ikanyage chini, mto upande wa kulia asiegemee, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Kijiko cha chai, si cha supu. Ameze, kisha mwambie aseme "aaa" kwa sekunde mbili tatu. Ikitoka kavu, endelea. Ikitoka na povu la maji, mwambie akohoe kwa nguvu, ameze tena, arudie "aaa". Ikikataa kukauka, mlo umeishia hapo. Asishushe kidevu wala kugeuza shingo kwa kuwa jirani aliona mahali. Mkao huo huwasaidia baadhi na wengine huwaumiza, na huwezi kujua mpaka apimwe.

Chai ya kikombe iache kwa sasa. Mpe vinywaji kwa kijiko, vikiwa na uzito wa uji. Na uji tunaupima, hatuukisii. Nunua sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Chomoa kisukumio chake, ziba tundu la chini la sirinji kwa kidole, mimina uji mpaka alama ya 10, achia kidole, hesabu sekunde 10, ziba tena, usome kilichobaki. Chai itakuwa imeisha yote. Uji mwepesi wa wimbi utabakiza labda mililita 3, wa kati 6, na mzito hautasogea. Andika namba hiyo pamoja na jinsi alivyoumeza. Uwe umeuchuja, kwa maana chembe moja ya unga usioiva inatosha kumpalia. Pima ukiwa kwenye joto atakalonywea, kwani ukipoa unaganda. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye bakuli: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na baada ya dakika kumi uji uliokuwa salama umekuwa maji. Usiukaze kupita kiasi pia, uji mzito sana hubaki kooni kama gundi. Hesabu anachokunywa kwa siku, hasa kwa kuwa ana tembe ya kukojoza. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, anakauka.

Kinywa kisafishwe asubuhi, baada ya kila mlo na kabla ya kulala, pamoja na ulimi na meno ya bandia kama anayo. Nimonia inayotokana na kupaliwa hubebwa zaidi na uchafu wa kinywa, kwa hiyo mate yakishuka vibaya, afadhali yashuke masafi. Ayurveda nayo inasisitiza mswaki wa asubuhi, tena wa kijiti cha mwarobaini. Kwa mama tumia brashi laini yenye maji kidogo sana, kwa kuwa nyuzi za kijiti zinaweza kukatikia mdomoni.

Dawa zake za hospitali nazo zinapita njia ileile. Msizisage kabla ya kuuliza. Kama moja ya zile za presha ni nifedipini ya kuachia polepole, kuisaga ni kumpa dozi ya siku nzima kwa mara moja, na presha inaweza kuporomoka. Mfamasia atawaambia ipi inasagika na ipi ibadilishwe.

Kwa upande wa sauti, nina zoezi moja ambalo mimi na daktari wa Ngara tunalitumia sote, ingawa kila mmoja alilifikia kwa njia yake. Wao wanaliita bhramari, la nyuki. Mama akae wima, avute hewa kwa pua, afunge midomo, avume "mmmm" mpaka mtetemo ausikie kwenye midomo na puani, kwa sauti ya chini isiyo ya kujikaza. Mara tano, apumzike, mara nne kwa siku. Midomo iliyofungwa inarudisha shinikizo la hewa nyuma, nyuzi za sauti zinakutana kwa ulaini bila kugongana. Asibane pumzi kama wanavyofundisha baadhi ya walimu wa yoga, kwa ajili ya presha. Hakuna kinachoingia mdomoni, kwa hiyo anaweza kuanza leo.

Mama mdogo mpe kazi, maana mikono yenye mapenzi ikinyimwa kazi inanung'unika. Yale mafuta ya ufuta ayapashe moto kidogo amkande dada yake mkono na mguu wa kulia kila jioni. Nayo ni tiba ya Ayurveda, inaitwa abhyanga, na sina pingamizi nayo, mradi asiikande shingo kwa nguvu. Kisha nendeni wote kwa yule daktari mkamwambie wazi kwamba mama anapaliwa. India shahada ya Ayurveda huchukua miaka mitano na nusu, na aliyeisoma kwelikweli atajua mara moja kwa nini mgonjwa asiyeweza kutema hafai nasya. Akikasirika kwa kuulizwa, mtakuwa mmejua mnachoshughulika nacho.

Akipata homa, akipumua haraka, kifua kikianza kukoroma, akisinzia kupita kawaida, au akipaliwa hata na uji na mate yake mwenyewe, acheni kumlisha na mwende hospitali siku hiyohiyo. Uso ukipinda upya au mkono ukilegea tena, msisubiri hata kupambazuke.

Yasipotokea hayo, bado asipitishe wiki hii bila kuonwa. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki nne inatakiwa iangaliwe kwa kamera ya puani, na yake ina sita. Kliniki ya masikio, pua na koo ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na kwenye hospitali nyingine kubwa za jiji. Ombeni pia apelekwe kwa mtaalamu wa usemi na kumeza, mkitaja neno kumeza, kwa sababu wengi wanadhani tunashughulika na kigugumizi tu. Siku hiyo beba dawa zote, za hospitali na za Ngara, pamoja na kopo la tembe nyeusi na chupa ya mafuta. Beba karatasi yenye namba zako za sirinji. Beba uji wenyewe kwenye thamosi, uliopikwa kama mnavyoupika nyumbani, na kijiko anachotumia kila siku. Na mama mdogo aje, aketi pale kwenye kamera aone mwenyewe mlango ukifunga.